Kukaa Chini na Kuhesabu

Mwaka 2021 nilikuwa na umri wa miaka 40. Nilikuwa mke wa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na mganga mfawidhi wa zahanati katika Kisiwa cha Rukuba, ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma. Mwezi Julai mwaka huo nilipokea barua kutoka chuo kikuu kimoja cha tiba mashariki mwa Ukraine. Nilikuwa nimekubaliwa kusomea udaktari kwa miaka 6, masomo kwa Kiingereza, kuanzia Septemba. Nilitakiwa kujibu na kulipa sehemu ya ada kabla ya mwisho wa Agosti.

Nimeombwa nieleze katika kitabu hiki jinsi nilivyofikia uamuzi wangu. Nimekubali kwa sababu nimeona wapendwa wengi wakipita mahali nilipopita mimi. Mtu ameshavuka ujana, ana kazi na familia, mlango unafunguka mbali, na hajui kama aliyeufungua ni Mungu au ni hamu yake mwenyewe.

Hamu yangu ilikuwa na historia. Kisiwani watu wote huniita Daktari, lakini kwa taaluma mimi ni tabibu. Nilisoma stashahada kwa miaka mitatu baada ya sekondari. Natibu malaria, kichocho, nimonia na majeraha ya ndoana, na pamoja na muuguzi wangu tunazalisha. Upasuaji sifanyi. Mama akikwama katika uzazi, kazi yangu ni kumwekea dripu, kuandika barua ya rufaa na kutafuta mtumbwi wa injini wa kumvusha hadi Musoma. Ziwa likiwa shwari tunavuka. Upepo ukiwa mkali tunasubiri mwaloni, mgonjwa amelala chini ya turubai, nami nasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni na kuomba yasipungue. Aliyewahi kusubiri hivyo hata mara moja hataniuliza kwa nini nilitaka kusoma zaidi.

Zamani tabibu alikuwa na njia ya kati. Aliweza kusoma miaka miwili na kuwa daktari msaidizi, na madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Nilipokuwa tayari kuifuata njia hiyo, kozi ilikuwa imesitishwa. Niliomba nafasi ya shahada ya udaktari katika vyuo vya hapa nchini mara mbili, sikupata. Ndipo nilipoomba nje, na nje wakanikubali.

Habari zilipofika kanisani zilipokelewa kwa namna mbili. Wengine walifurahi sana. Mzee mmoja wa kanisa alinikumbusha kwamba Ibrahimu aliitwa akiwa na miaka 75 na Musa alisimama mbele ya Farao akiwa na 80. Akaniambia, "Wewe Daktari bado mtoto. Wewe ondoka tu, Mungu atafungua njia." Mwingine alinitajia Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, jirani zetu. Alikuwa tayari mwalimu Tabora alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na kuendelea kufundisha. Wengine walitikisa kichwa. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya aliniambia waziwazi, "Dada yangu, umri umekwenda. Utarudi bibi, watoto hawakujui."

Kwa siku kadhaa nilibeba maneno yote mawili, nikaona kwamba yanafanana kuliko yanavyoonekana. Anayesema "nenda tu" na anayesema "umri umekwenda" wote wanakupa jibu kabla hujalitazama jambo lenyewe. Nilimweleza mchungaji wetu. Hakuniambia niende wala nisiende. Alinifungulia Luka sura ya 14, pale Bwana anapomzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Kisha mchungaji akaniuliza, "Umeshakaa?"

Nilikuwa nimezoea kusikia mahubiri kwamba imani haitazami gharama. Lakini Bwana mwenyewe ndiye aliyesema habari za kukaa na kuhesabu, na alisema akiwa anazungumza na watu waliotaka kumfuata. Kwa hiyo kuhesabu si ukosefu wa imani. Ni sehemu ya utii. Nilinunua daftari, nikaligawa sehemu nne, na kila jioni baada ya kufunga zahanati nilikaa nalo mbele za Mungu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa miaka. Miaka 6 ya masomo ingenifikisha 46. Nikirudi, shahada yangu ingetakiwa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, ningefanya mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Hapo ningekuwa na miaka 47 au 48. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Ilibaki miaka 12 hivi ya kuhudumu nikiwa daktari kamili. Wengi hudhani hesabu hii ndiyo iliyonirudisha nyuma. Sivyo. Miaka 12 ya mikono inayojua kupasua ni akina mama wengi sana. Niliandika chini ya ukurasa: umri haunizuii.

Nilipata pia nguvu kwa kusoma habari za Albert Schweitzer. Alikuwa mchungaji na mwalimu wa theolojia, tena mpiga kinanda mashuhuri, alipoanza kusomea udaktari mwaka 1905 akiwa na miaka 30. Mwaka 1913 alifika Lambaréné, Gabon, akaanza kutibu. Rafiki zake walimwona amepotea. Tena yeye alisomea udaktari mjini Strasbourg, alikokuwa akiishi na kufundisha, ndipo akaenda ng'ambo kutibu. Mimi nilitaka kwenda ng'ambo kusoma ili nitibu nyumbani.

Sehemu ya pili ilikuwa fedha. Ada ilikuwa dola 4,000 kwa mwaka, mbali na bweni, bima, chakula na nauli. Ada peke yake ilizidi mshahara wangu wa mwaka mzima baada ya makato. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo ulitaka mwombaji asiwe amezidi miaka 35, nami nilikuwa nimeshapita. Tulikuwa na kiwanja Musoma mjini, na ng'ombe wachache wa mume wangu waliokuwa kwa ndugu zake Butiama. Tukiuza vyote tungelipa mwaka wa kwanza na sehemu ya wa pili. Baada ya hapo tungetegemea harambee na ahadi za ndugu. Hesabu ilisema naweza kuanza na siwezi kumaliza. Hata hivyo sikuifanya kuwa jibu la mwisho, maana nimeona kwa macho yangu watu waliosomeshwa kwa sadaka za kanisa mpaka wakamaliza. Niliandika: fedha hazitoshi, lakini Mungu si maskini.

Sehemu ya tatu ilikuwa watu wa nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miaka 14, wa mwisho miaka 5. Nikirudi, wa mwisho angekuwa na 11. Hapo nilirudi kumsoma Ibrahimu, yule niliyetajiwa na mzee wa kanisa. Mwanzo sura ya 12 inaeleza kwamba aliondoka pamoja na Sara mkewe, na Lutu, na vitu vyote walivyokuwa navyo. Hakuwaacha nyumbani na kuahidi kurudi baada ya miaka 6. Sikusema moyoni kwamba mama haruhusiwi kusafiri kwa masomo. Wapo waliofanya hivyo na nyumba zao zikasimama. Niliona tu kwamba mfano niliopewa haukuwa wa kwangu.

Mume wangu alikuwa kimya siku hizo zote. Nilipomwomba aseme, alisema hivi: "Mama Neema, ukienda nitabaki na watoto, wala sitakulaumu. Ila usiniambie unakwenda kwa ajili ya kisiwa kama unakwenda kwa ajili yako. Yote mawili nayakubali. Niambie tu ni lipi." Nilikosa usingizi usiku ule, kwa sababu sikuwa na jibu.

Aliyenisogeza mbele ni mama mkwe. Hajasoma, na Kiswahili anakizungumza akichanganya na Kikwaya. Tulikuwa tunaanua dagaa alipouliza, "Mwanangu, ukishakuwa daktari mkubwa, watakurudisha hapa kwetu?"

Nilitaka kujibu ndiyo, nikashindwa. Zahanati huongozwa na tabibu. Daktari mwenye shahada hupangwa kituo cha afya au hospitali, na ni haki, kwa sababu huko ndiko kuna vyumba vya upasuaji. Shahada niliyoitaka kwa ajili ya zahanati ya Rukuba ndiyo ambayo ingenitoa katika zahanati hiyo.

Swali lake lilinipeleka kwenye sehemu ya nne ya daftari, ambayo nilikuwa nimeiita kazi na kuiacha tupu. Nilichukua rejesta ya rufaa ya miaka miwili iliyopita, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Kila jina niliandika mambo mawili: ni nini kilichotuchelewesha, na kama ningekuwa na shahada ya udaktari, je, ningemtibu hapa hapa?

Kazi hiyo ilinichukua jioni sita na ilikuwa nzito, kwa maana baadhi ya majina nilishiriki mazishi yao. Kwa swali la pili, mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Upasuaji wa uzazi unahitaji chumba, damu salama, mtaalamu wa usingizi na umeme usiokatika. Daktari aliyesomea miaka 6 akiwekwa katika zahanati bila vitu hivyo atafanya ninachofanya mimi: ataweka dripu, ataandika barua, atatafuta mtumbwi. Kwa swali la kwanza majibu yalinishangaza. Petroli haikuwepo. Mwenye injini yuko ziwani anavua. Mume hayupo, na ndugu hawataki kuamua peke yao. Nauli inajadiliwa mwaloni usiku wakati mama analia. Mara chache sana ziwa lenyewe ndilo lililotuzuia. Waliotuzuia ni sisi watu, kwa mambo ambayo yangeweza kupangwa mchana.

Ningeweza kuishia hapo na kusema Mungu alinijibu kupitia rejesta. Lakini mume wangu alikuwa ameniuliza swali la kweli, na bado sikuwa nimelijibu. Hata kama shahada isingeisaidia zahanati yangu, ingewasaidia watu wa mahali pengine. Wagonjwa wa Bunda na Tarime nao ni wa Mungu. Je, nilitaka kuwa daktari hata kama si Rukuba?

Niliomba juu ya swali hilo moja tu kwa wiki nzima, na siku mbili za wiki hiyo nilifunga. Nilijitazama nikiwa katika wodi ya hospitali, nikifanya ile kazi ambayo kwa miaka mingi nimewaandikia wengine barua waifanye. Nasema ukweli mbele za Mungu: nilipenda nilichokiona. Haikuwa tamaa mbaya. Halafu nikajaribu kuona ni nani ameshika rejesta ya Rukuba wakati huo, na sikuona mtu. Kabla sijapangiwa kisiwani, muuguzi alikuwa amebaki peke yake kwa miezi minane. Wengi hupangiwa visiwani na kuomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa nimekaa miaka 9. Najua nani ana shinikizo la damu na hamezi dawa, nani ameshafanyiwa upasuaji wa uzazi na amebeba mimba tena, binti gani anaogopa kuja kupima. Elimu ya namna hiyo haipatikani katika chuo chochote, na haihamishiki kwa barua ya makabidhiano.

Katika siku zile nilimfikiria pia Adrian Atiman, ambaye wakristo wa Tanzania wanapaswa kumfahamu zaidi. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea tiba Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa katekista na tabibu. Akabaki huko akitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Masomo ya ng'ambo yalikuwa baraka katika maisha yake, sitaki mtu asome habari zangu na kuyadharau. Lakini nilipopiga hesabu niliona kwamba Malta ilichukua miaka michache tu ya maisha yake, na Karema ikachukua zaidi ya 60. Watu wa Karema walimjua kwa sababu alikaa.

Hata Yona alipanda merikebu, na Biblia inasema alilipa nauli yake. Kupata nauli, au kupata barua ya kukubaliwa, hakuthibitishi kwamba safari ni ya Mungu. Wala kukosa nauli hakuthibitishi kwamba si yake.

Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Asubuhi moja katikati ya Agosti nilimwambia mume wangu, "Baba Neema, ningekwenda kwa ajili yangu. Na nimeamua kubaki kwa ajili ya hapa." Akasema, "Haya sasa nimeelewa." Tukaomba pamoja, nikaandika barua ya kukishukuru chuo na kuiachia nafasi ile mtu mwingine.

Nilikuwa na daftari limejaa, nisingeweza kulifungia sandukuni. Jumapili iliyofuata, kwa ruhusa ya mchungaji, niliwasomea washirika yale niliyoyakuta kwenye rejesta, bila kutaja majina. Baadaye tulikaa na uongozi wa kijiji, ndugu zetu Waislamu na viongozi wa mwalo. Tulikubaliana mambo matatu. La kwanza, madumu matatu ya petroli yawekwe pembeni kwa ajili ya wagonjwa tu, na likitumika moja lijazwe kabla ya Jumapili. La pili, wenye injini waandikishwe kwa zamu, ili kila usiku awepo mmoja asiyekwenda kuvua mbali, na nauli yake iwe imeshapangwa. La tatu, kila mjamzito mwenye dalili za hatari avuke wiki mbili kabla ya kujifungua, akae kwa ndugu au kwa washirika wenzetu Musoma.

Si mambo makubwa. Mara mbili tumekuta dumu tupu na kugombezana. Tena hatujaacha kuzika, na sitawadanganya. Lakini majadiliano ya nauli usiku mwaloni yamekwisha, na wapo watoto wanaotembea kisiwani leo ambao mama zao walivuka mapema.

Februari 24, mwaka 2022, vita kubwa ilianza Ukraine. Miji ya mashariki ilipigwa mabomu, na wanafunzi wa Kiafrika, wakiwemo Watanzania, walikimbia kwa treni na kwa miguu kwenye theluji. Wapendwa wengi walinijia wakisema, "Unaona? Mungu alikuepusha." Nawashukuru kwa upendo wao, lakini usemi huo siuchukui. Wale waliokwenda nao waliomba, na makanisa yao yaliwaombea. Mungu hakuwa wangu zaidi kuliko wao. Mwezi Agosti sikujua habari za vita, na uamuzi wangu ungekuwa sawa hata kama amani ingedumu. Tukipima utii kwa jinsi mambo yalivyotokea baadaye, tutawahukumu vibaya watu wengi waaminifu, kuanzia na mitume wenyewe.

Hamu haijaniisha. Kila ninapomkabidhi mgonjwa kwa daktari Musoma na mlango wa chumba cha upasuaji kufungwa mbele yangu, naisikia. Zamani nilidhani amani ya Mungu maana yake ni kuacha kutaka. Sasa naona kwamba mtu anaweza kutaka kitu kizuri, akakitoa, akaendelea kukitaka, na bado akawa na amani.

Mwaka jana tabibu mwenzangu wa upande wa Bunda, kijana wa miaka 36 mwenye mke na mtoto mmoja, alinijia na barua yake ya kukubaliwa kusoma nje. Alitegemea nimwambie abaki kama nilivyobaki. Nilimwambia anunue daftari, akae na mkewe, ahesabu miaka, fedha, watu na kazi, kila moja kwa ukurasa wake, na asiruhusu ukurasa mmoja ujibu kwa niaba ya mingine. Alirudi baada ya mwezi. Kituo chake kina chumba cha upasuaji kilichokamilika na hakina wa kukitumia. Wenzake wawili wapo wa kushika kazi yake. Mkewe ameajiriwa, na ukoo umeandika kwa majina nani atalipa mwaka upi.

Amekwenda. Tulimwekea mikono siku ya Jumapili na kumwombea, na jina lake limo katika orodha ya maombi ya kila Jumatano. Wewe unayesoma haya ukiwa na barua mkononi, usiulize kwanza kama umechelewa. Kaa chini. Bwana aliyekuita hana haraka ya kukuzuia usihesabu.